Panya wa ghalani: bunduki ya springi au ya mtungi wa hewa?

Swali la msomaji: Nafuga kuku, na pembeni ya banda nina ghala la nafaka. Panya wamezidi. Sumu nimeiacha baada ya kupoteza paka wawili, na mitego hunasa wachache kisha waliobaki wanaikwepa. Nataka bunduki ya upepo. Rafiki mmoja ananishauri nichukue ya springi kwa kuwa haina mambo mengi. Mwingine anasema siku hizi ni ya mtungi tu. Jirani naye ananiuzia ya springi iliyotumika, ya milimita 4.5, ambayo boksi lake limeandikwa mita 380 kwa sekunde. Sijawahi kupiga bunduki ya aina yoyote. Umbali wangu mrefu kabisa ni mita 25 hivi, na kazi nyingi itakuwa ya usiku. Nichukue ipi, na risasi za saizi gani?

Jibu: Kwa hali uliyoieleza, nunua ya mtungi, milimita 5.5, yenye nguvu ya wastani. Nasema hivyo kwa sharti moja: kabla hujatoa pesa, uwe unajua hewa ya kuijaza utaipata wapi, sasa na mwaka ujao. Kama hilo bado ni la kubahatisha, chukua ya springi, nayo iwe ya wastani, na ujipangie wiki kadhaa za mazoezi kabla hujamlenga panya hata mmoja. Ya jirani yako iache. Sababu zake nitazifikia.

Kwanza kaulize sheria, na umwulize anayetoa leseni, si muuzaji wa duka. Nchi hazifanani katika jambo hili. England na Wales, mtu mzima anaruhusiwa kumiliki bunduki ya upepo isiyozidi jouli 16 na kitu (jouli ni kipimo cha nguvu ya risasi) bila cheti cha silaha, lakini Scotland imedai cheti tangu mwisho wa mwaka 2016. Ujerumani mpaka ni jouli 7.5. Kwingine bunduki ya upepo huhesabiwa silaha kamili na unahitaji kibali hata cha kuibeba. Kizuia sauti kinaweza kuwa na sheria yake, darubini ya usiku vilevile, na wako ndege na wanyama ambao hata wakikumalizia mazao huruhusiwi kuwagusa.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Wanunuzi wengi huanza kwa kuulizia nguvu, na wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana namba kubwa kabisa kwenye boksi huwa ni ya mwendo wa risasi. Nakuomba uanze na panya. Sehemu yake ambayo risasi ikiingia anakufa papo hapo ni ubongo, na ubongo umekaa kati ya jicho na sikio, katika eneo la upana wa sentimita 2 hivi. Ukimpata hapo, hata bunduki ya jouli 8 inatosha kwa umbali wa mita 10 au 15. Ukimpata tumboni au pajani, jouli 30 hazimzuii kuingia shimoni, akateseke humo na kuozea ndani ya ukuta wa ghala lako. Kwa hiyo swali lako halisi ni hili: bunduki ipi itakuwezesha wewe, ambaye hujawahi kupiga, kuweka risasi kwenye hizo sentimita 2 kila mara, usiku, ukiwa umeegemea chochote kilicho karibu?

Hapo ndipo aina hizi mbili zinapoachana, na inafaa uelewe kinachotokea ndani yake.

Ndani ya bunduki ya springi mna pistoni nzito ya chuma, na nyuma yake springi. Ukivunja mtutu, yaani kuukunja kwenye bawaba yake, au ukivuta wenzo ulio chini yake, springi inabanwa na pistoni inanaswa na ndoana ya kifyatulio. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele na kuishindilia hewa iliyo mbele yake, hewa inapata joto na presha, nayo inaisukuma risasi. Tazama mfuatano wake. Pistoni inapoanza kwenda mbele, bunduki nzima inarudi nyuma. Inapokaribia mwisho wa safari, inakutana na ile hewa iliyoshindiliwa, inasita, pengine inarudi kidogo, na bunduki sasa inavutwa mbele. Matukio hayo yanaanza risasi ikiwa ingali ndani ya mtutu. Risasi haiendi pale macho yako yalipokuwa yameelekea ulipofyatua; inakwenda pale mtutu ulipokuwa umeelekea ulipoitoa, na katikati ya nyakati hizo mbili bunduki imekwisha kucheza.

Mchezo huo hauzuiliki kwa kukaza mikono. Ukiibana bunduki ya springi kwa nguvu, kila siku utaibana tofauti kidogo, na risasi zitatawanyika. Dawa yake ni kuiacha icheze, lakini icheze vilevile kila mara. Kiganja cha mkono wa mbele kiwe wazi, bunduki ilale juu yake bila kukamatwa. Bega liguse kitako bila kukivuta. Shavu litue mahali palepale. Baada ya kufyatua usinyanyue kichwa. Endelea kuangalia kwenye darubini mpaka uone risasi imetua wapi. Hata mahali kiganja kinapokaa pana maana: ukikisogeza sentimita chache mbele au nyuma, kundi la risasi kwenye karatasi linahama.

Ukilishika hilo, bunduki nzuri ya springi ni sahihi ajabu. Zile zenye mtutu usiovunjwa, zinazokokiwa kwa wenzo wa chini, kama Weihrauch HW97 au Air Arms TX200, zikiwa mikononi mwa mtu aliyezizoea hupiga matundu yanayogusana kwa umbali wako wa mita 25. Hizi nazithamini sana, na mtu aliyejifunzia kwenye springi huwa na shabaha njema akishika bunduki nyingine yoyote.

Lakini kazi yako si ya uwanja wa shabaha. Utakuwa gizani, umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtutu umetokeza dirishani au umelala juu ya gunia. Leo utaegemeza kwenye fremu ya mbao, kesho kwenye goti, keshokutwa kwenye nguzo. Bunduki ya springi ukiilaza moja kwa moja juu ya kitu kigumu, inaruka kutoka hapo na risasi inahama, mara nyingi kwenda juu. Ndiyo sababu mtu anaweza kupiga vizuri mchana akiwa ametulia, halafu usiku akakosa panya watatu mfululizo huku akiilaumu darubini. Hakubadilisha kitu ila egemeo.

Bunduki ya mtungi haina pistoni ya kuruka. Hewa imekwisha kushindiliwa kabla, kwa kawaida kufikia baa 200, nyingine 250 au 300; tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu tu. Ukifyatua, nyundo ndogo inagonga vali, vali inafunguka kwa muda mfupi mno, hewa kidogo inatoka na kuisukuma risasi. Bunduki haichezi kiasi cha kukusumbua. Utaiona risasi inavyotua, kupitia darubini, bila picha kuruka. Unaweza kuilaza juu ya ukuta, juu ya mguu wa kuegemeza, juu ya begi, na risasi zitaendelea kwenda palepale. Kwa mtu asiyewahi kupiga, hiyo ni tofauti ya miezi ya mazoezi.

Wazo lenyewe ni la zamani, na nalitaja kwa sababu wako wanaodhani ni mtindo wa juzi ambao utapita. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za Girardoni katika miaka ya 1780. Kitako chake ndicho kilichokuwa mtungi wa hewa, kikajazwa kwa pampu ya mkono, na bunduki ikapiga risasi nyingi bila moshi. Meriwether Lewis alichukua bunduki ya upepo katika safari yake na William Clark ya kuvuka Marekani, iliyoanza mwaka 1804. Kilichobadilika tangu hapo ni ubora wa vali, wa sili (vizuizi vya hewa isivuje) na wa chuma.

Pana ubaya mmoja wa bunduki ya mtungi ambao hauonekani dukani. Presha inashuka kila unapopiga, na mwendo wa risasi unafuata presha. Katika bunduki isiyo na regyuleta, ukiijaza kupita kiasi presha inaikandamiza vali isifunguke vizuri, na risasi za mwanzo zinatoka taratibu. Presha ikishuka kidogo mwendo unapanda, unatulia kwa muda, kisha unaanza kuporomoka. Regyuleta inasawazisha: inaipa vali presha ileile risasi baada ya risasi, hadi mtungi ufike chini ya kiwango ilichopangiwa. Kwa kazi ya panya ningelipia regyuleta kabla ya kulipia kitako cha mbao nzuri.

Iwe na regyuleta au isiwe nayo, fanya jaribio hili wiki ya kwanza. Jaza mtungi hadi kiwango alichoandika mtengenezaji. Weka karatasi mita 20. Piga risasi moja moja ukilenga nukta ileile, na kila baada ya risasi 5 weka karatasi mpya na uandike juu yake geji inasoma ngapi. Mwanzoni kila kundi litakaa juu ya nukta. Kisha itafika karatasi ambayo matundu yanateremka, sentimita moja, halafu mbili. Presha iliyoandikwa kwenye karatasi iliyotangulia hiyo ndiyo mwisho wako wa kupiga. Pale mtungi bado una hewa nyingi tu, na kishawishi cha kuendelea ni kikubwa, lakini hewa hiyo si ya kupigia panya. Bandika namba hiyo kwenye kitako kwa mkanda wa karatasi.

Hewa yenyewe ndiyo inayowashinda wengi. Kompresa ya kujazia matairi haifai. Huishia baa 8 au 10 hivi. Una njia tatu.

Ya kwanza ni pampu ya mkono, ile ya kusimama yenye hatua tatu za kushindilia. Inafanya kazi, na kwa bunduki yenye mtungi mdogo inatosha. Inachosha pia, hasa kuanzia baa 150 kwenda juu, ambako unashuka nayo kwa uzito wa mwili wako wote. Usiikimbize. Pampu inapata moto, moto unaharibu sili, na hewa ya moto ikipoa inaacha maji ndani. Piga pampu dakika chache, pumzika, ifungue itoe unyevu, endelea. Weka kichujio cha kunyonya unyevu, kwa maana maji ndani ya mtungi ni kutu ndani ya mtungi.

Ya pili ni mtungi mkubwa wa kuzamia baharini, unaojazwa na wenye kompresa za wazamiaji. Hesabu yake ni rahisi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 232, ukishuka hadi baa 200, umetoa kama lita 384 za hewa ya kawaida. Mtungi wa bunduki wenye ujazo wa mililita 200, ukiupandisha kutoka baa 100 hadi 200, unameza kama lita 20. Maana yake utaijaza bunduki hadi juu kabisa karibu mara 19 kabla mtungi mkubwa haujaanza kukupa chini ya baa 200, na hata baada ya hapo utaendelea kukupa hewa ya kutosha kwa muda, ukiwa na bunduki yenye regyuleta. Angalia tarehe iliyogongwa karibu na shingo ya mtungi. Mitungi hii hupimwa kila baada ya miaka kadhaa kwa mujibu wa kanuni za nchi, na mtungi uliopitwa na tarehe usikubali kupewa, hata bure.

Ya tatu ni kompresa ndogo ya umeme ya presha kubwa. Ni nzuri kwa anayepiga kila siku. Zile za bei nafuu hupata moto haraka na huchakaa, hivyo zichukulie kama kitu cha kutengenezwa mara kwa mara.

Mambo mawili hapa ni ya uhai na sitayapitia haraka. Usijaze bunduki kwa oksijeni ya hospitali au ya kuchomelea, kamwe. Oksijeni ya presha kubwa ikikutana na mafuta kidogo tu inalipuka mikononi mwako. Na usitie mafuta ya gari wala grisi ya kawaida kwenye vali au kwenye kiungo cha kujazia, hata kama unatumia hewa safi. Kwa presha hizi mafuta ya namna hiyo nayo yanaweza kuwaka. Pete za mpira zinapakwa grisi ya silikoni, kidogo sana.

Mtungi wa bunduki unaweza pia kuvuja polepole. Ukiuacha jioni una baa 190 na asubuhi una 160, pete moja imechoka. Kuibadilisha si kazi kubwa kwa fundi, lakini toa hewa yote kwanza, na weka pete za akiba nyumbani. Hili ni la kulikumbuka: springi haiwezi kukuambia usiku wa manane kwamba hewa imekwisha.

Kwa sauti, mambo yako hivi. Bunduki ya springi haina mlipuko mkubwa mdomoni. Kelele yake ni ya pistoni na springi, na wewe mwenye shavu juu yake ndiye unayeisikia zaidi. Ya mtungi bila kizuia sauti hupasua masikio, na kuku wako watakesha. Ikiwa na kizuia sauti, pale kinaporuhusiwa, huwa kimya kuliko springi, na panya waliobaki hurudi kwenye chambo baada ya muda mfupi.

Hilo la kurudi linanileta kwenye risasi ya pili. Panya hawaji mmoja mmoja. Ukimwangusha wa kwanza kwa springi, inabidi uvunje mtutu, utafute risasi mfukoni kwa vidole vya gizani, uipachike, ufunge, ushike upya. Ya mtungi yenye magazini, yaani kisanduku cha risasi kadhaa, unavuta wenzo mdogo bila kutoa jicho kwenye darubini. Katika nusu saa ya kwanza ya usiku, ambapo wanatoka kwa wingi, tofauti hiyo utaiona kwenye idadi.

Kuhusu darubini, ile iliyotengenezwa kwa bunduki za baruti inaweza kufa haraka juu ya springi, kwa sababu springi inapiga teke pande mbili, nyuma kisha mbele, na darubini nyingi zimeandaliwa kuhimili teke la nyuma tu. Kama utachukua springi, hakikisha darubini imeandikwa kuwa inafaa kwake, na vishikio vyake viwe na pini ya kuizuia isitambae nyuma. Darubini za kielektroniki za kuonea usiku ni za kuuliza kwa makini zaidi. Juu ya bunduki ya mtungi karibu kila darubini inaishi. Usipotaka gharama hiyo, taa yenye mwanga mwekundu inatosha kwa umbali wako. Panya hawauoni vizuri mwanga mwekundu.

Hadi hapa nimeipendelea ya mtungi, na ni kwa makusudi, kwa kazi yako. Lakini ungeniambia kwamba una panya wawili watatu kwa mwezi, unapiga mchana, na mahali pa hewa pako mbali, ningekujibu kinyume bila kusita. Springi ni bunduki yenye kila kitu chake ndani. Unaitoa kabatini baada ya miezi sita, unapiga risasi chache kwenye karatasi ili itulie, na kazi inaanza. Haidai pampu, mtungi, geji wala pete. Springi ikichoka baada ya miaka, fundi anaibadilisha pamoja na sili. Zipo pia zenye silinda ya gesi mahali pa springi ya chuma: zinafyatuka haraka kidogo, na hazichoki zikiachwa zimekokiwa, ila silinda ikifa huitengenezi, unanunua nyingine. Katika kulinganisha bei, bei ya bunduki ya mtungi peke yake haina maana. Ijumlishe na pampu au mtungi na vichujio, ndipo uiweke pembeni ya springi.

Ukichukua springi, kuna kanuni mbili za kuitunza na moja ya kukutunza wewe. Usiifyatue bila risasi, maana pistoni inakosa hewa ya kuipunguza kasi na inagonga mbele chuma kwa chuma. Usitie mafuta kwenye chemba ya hewa. Yanawaka kwa ule ushindiliaji, risasi inatoka kwa kishindo na moshi, sili na springi vinaumia. Na unapopachika risasi, mkono mmoja usiache mtutu au wenzo hata mara moja. Ndoana ikiteleza, mtutu unajifunga kwa nguvu zote za springi, na vidole vinakatika.

Saizi ya risasi. Kwa nguvu ileile ya jouli 16, risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.55 hutoka kwa mita 240 kwa sekunde hivi, na ya milimita 5.5 yenye gramu 0.93 hutoka kwa mita 185. Ya kwanza ikifika mita 25 imeshuka karibu sentimita 6 kutoka mstari wa mtutu, ya pili karibu 10. Kwa hiyo 4.5 inakusamehe zaidi ukikosea kukadiria umbali, na kwenye springi ningekupa hiyo. Lakini wewe umbali wako unaujua: unaweza kupima kwa hatua kutoka kiti chako hadi chambo, na chambo hakihami. Hapo faida ya 4.5 inapungua, na 5.5 ina sifa mbili. Inaachia nguvu yake ndani ya panya badala ya kumpenya na kutokea upande wa pili, na ni rahisi kuishika kwa vidole gizani. Milimita 6.35 ni kubwa mno kwa kazi hii.

Kupenya huko ndiko kunakonifanya nisisitize nguvu ya wastani. Banda la kuku lina bati, mabomba ya maji, nyaya, na kuku. Risasi iliyompita panya ingali na nguvu ya kutoboa bati, na ikigonga zege au chuma kwa pembe inaruka kando, ikigonga wima inaweza kukurudia usoni. Bunduki nyingi za mtungi zina mahali pa kupunguzia nguvu. Ndani ya banda ishushe hadi jouli 8 au 10, kisha rekebisha darubini upya kwa nguvu hiyo, kwa kuwa risasi sasa inapinda zaidi. Chambo kiweke mbele ya gunia la mchanga au ubao mnene, ili kila risasi, iliyopata na iliyokosa, iishie hapo. Usipige panya aliye juu ya boriti au ukingoni mwa paa. Risasi iliyokwenda hewani inafika mita mia kadhaa. Na vaa miwani.

Chambo kiwe cha kunata, kilichopakwa kwenye ubao au jiwe, ili panya asimame kukilamba badala ya kunyakua na kukimbia. Panya huogopa kitu kipya, kwa hiyo kiweke siku kadhaa kabla ya kupiga, pamoja na taa yenyewe ikiwa inawaka. Weka mpaka wako binafsi wa umbali: ni ule ambao, ukiwa umekaa vilevile utakavyokaa usiku, risasi 10 kati ya 10 zinaingia kwenye duara la sentimita 2. Kama ni mita 12, basi ni mita 12, hata panya awe amesimama wazi kwenye mita 20.

Maiti za panya usizishike kwa mikono mitupu. Mkojo wao unaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa leptospirosisi, vinavyopita kwenye mchubuko mdogo wa ngozi. Maiti hizo zizike kwa kina au zichome, usizitupe kwa paka wala kuziacha kwa bundi, kwa kuwa zina risasi ndani, na madini ya risasi ni sumu kwao kama ile uliyoiacha. Wewe nawa mikono kabla ya kula. Wakati huohuo ziba matundu ya ghala kwa wavu wa chuma na saruji. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, na bunduki peke yake haitawahi kuwakimbiza kwa uzazi huo.

Sasa bunduki ya jirani. Mita 380 kwa sekunde ni zaidi ya mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340. Namba za namna hiyo kwa kawaida hupatikana kwa risasi nyepesi sana zisizo za madini ya risasi, ambazo huwezi kuzitegemea kwa shabaha. Risasi ikivuka mwendo wa sauti inapiga ukelele wa kupasuka, na inaporudi chini ya mwendo huo njiani inayumba. Ili kufikia nguvu hizo, springi yake lazima iwe kali: utaikoki kwa taabu, itapiga teke sana, na kila nilichokueleza kuhusu kushika springi kitakuwa kigumu maradufu. Ni bunduki ngumu hata kwa mzoefu.

Ikiwa hata hivyo utalazimika kununua springi iliyotumika, yake au ya mwingine, ikague hivi. Funga mtutu na ujaribu kuutikisa kushoto na kulia kwa mkono. Ukicheza hata kidogo, achana nayo. Tazama ukingo wa mdomo wa mtutu kama una makovu au kutu. Angalia skrubu za kitako kama zimelegea, na kama mbao ina ufa nyuma ya kifyatulio. Sikiliza inapofyatuliwa: mlio mrefu wa waya ni springi iliyokaukiwa au iliyopinda, na moshi unaoendelea kutoka baada ya risasi 10 ni mafuta mahali pasipotakiwa. Kisha mwombe mwenyewe apige risasi 10 kwenye karatasi, mita 15, mbele yako. Zisipoingia kwenye duara la sentimita 3 mikononi mwa aliyeizoea, mrudishie, hata akipunguza bei.